"Inbound tourism": ni utalii wa ndani, au wa kutoka nje?

Kalamu ya Kijani aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nahariri tafsiri ya ripoti ya takwimu za utalii, Kiingereza kwenda Kiswahili, na kuna neno moja limetusimamisha mimi na mfasiri mwenzangu. Neno lenyewe ni "inbound". Kila palipoandikwa "inbound tourism" yeye ameweka "utalii wa ndani". Mimi nimekataa, naye hakubali kukataliwa bila hoja, na hiyo ni haki yake.

Hoja yake ni kwamba "in" ni ndani, "bound" ni mpaka, basi "inbound" ni kilichomo ndani ya mipaka. Ukimsikiliza upesi utamkubalia. Lakini ripoti hiyohiyo ina "domestic tourism" pia, na hiyo ndiyo ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaijua kwa jina la utalii wa ndani: wakazi wa nchi kutembelea vivutio vya nchi yao. Kwa tafsiri yake, jedwali moja litakuwa na safu mbili zenye kichwa kilekile na tarakimu tofauti. Msomaji ashike ipi?

Wala si suala la urembo wa lugha. Ripoti hii itasomwa na wapangaji wa bajeti. Mtu akiona "utalii wa ndani umepanda" ataamini kuwa wakazi wameanza kusafiri, apunguze fedha za kuwahamasisha, kumbe walioongezeka ni wasafiri waliotoka nje. Neno moja likikaa vibaya, uamuzi mzima unapinda.

Naomba msaada wa watu wanaolitumia neno hili kazini kila siku. Kamusi ninazo mezani, zinanipa "inayoingia" kisha zinaniacha hapo. Nimeliona kwenye tiketi za ndege likiwa na maana ya safari ya kurudi. Nimeliona kwenye maghala, kwenye vituo vya huduma za simu, hata kwenye mpira wa kikapu. Ni neno moja lenye maana moja, au tunachanganya vitu? Na nyinyi mkilisema kwa Kiswahili huwa mnasemaje?

Mshika Funguo alijibu:

Mimi ni mtunza ghala. Kwetu "inbound" ni mzigo unaokuja: umeshaagizwa, uko njiani, au uko mlangoni unashushwa. Ukishahesabiwa, ukaandikwa na kupandishwa kwenye rafu, si inbound tena. Sasa ni akiba. Ukianza kutolewa kwa mteja unaitwa outbound. Waliosoma biashara watakumbuka Michael Porter, mwalimu wa mikakati ya biashara, na mnyororo wake wa thamani wa mwaka 1985, yaani orodha ya shughuli za kampuni kwa mpangilio: shughuli ya kwanza kabisa ni "inbound logistics", yaani kupokea malighafi (ingawa yeye huhesabu humo hata kuzitunza), na shughuli ya "outbound" inakuja baada ya uzalishaji.

Kwa Kiswahili tunasema "mapokezi" na "utoaji", basi. Mwambie mwenzako kwamba kilichotulia ndani hakiitwi inbound. Neno hilo ni la kitu kilicho katika mwendo.

Mama Tiketi alijibu:

Mwanangu Kalamu, mimi nimekata tiketi za ndege maisha yangu yote ya kazi, na sijui neno lililonifanya nirudie maelezo dirishani kuliko hili.

Kwenye tiketi ya kwenda na kurudi, "outbound" ni safari ya kwanza, ile ya kuondoka pale ulipoanzia. "Inbound" ni ile ya kukurudisha. Hapo hakuna habari ya nchi wala mpaka. Hata ukisafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine ndani ya nchi moja, maneno hayo mawili utayakuta. Kinachohesabika ni pale tiketi inapoanzia, hapo ndipo "nyumbani" kwa hesabu ya tiketi, hata kama abiria hajawahi kulala hapo usiku mmoja.

Sikiliza sasa jinsi watu wanavyogongana. Mtoto anaishi London, anamnunulia mama yake tiketi aje kumtembelea. Tiketi inaanzia kwa mama, kwa hiyo safari ya mama kwenda London inaandikwa outbound. Lakini mtoto amekaa London, anamngojea mama aingie, na kwake yeye hiyo ndiyo inbound. Ananipigia simu: "Naomba usogeze inbound mbele kwa wiki moja." Nikisogeza bila kuuliza, nimegusa safari ya mama kurudi kwake, ilhali mtoto alitaka kusogeza ile ya kuja. Hakuna aliyesema uongo, kila mmoja ametumia neno kwa usahihi kutoka pale aliposimama. Ndiyo maana sikubali maelekezo yenye neno hilo peke yake. Nitajie uwanja wa kuondokea, uwanja wa kutua, na tarehe. Vijana niliowafundisha kazi nimewawekea sharti hilohilo, na nafurahi kuwaona bado wanalishika.

Kuna la pili, nalo huwatesa abiria zaidi. Ujumbe unakuja kwenye simu: safari yako imechelewa kwa sababu ya "inbound aircraft". Abiria anatazama tiketi yake, anaona inbound yake ni ya mwezi ujao, anakuja dirishani amefadhaika akidhani safari yake ya kurudi imeguswa. La hasha. Hapo anayezungumza ni uwanja wa ndege. Ndege inayotajwa ni ile inayotoka kwingine kuja hapa uwanjani. Ikitua, ikashusha watu, ikasafishwa na kujazwa mafuta, ndiyo hiyohiyo itakayokubeba wewe. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuchelewa kwa asubuhi hujikokota hadi jioni, hata kama mahali ulipo anga ni nyeupe kabisa. Ukiweza kufuatilia ndege hiyo iko wapi sasa hivi, utajua muda wako wa kuondoka mapema kuliko tangazo lolote.

Kwa hiyo abiria yuko kwenye safari yake ya outbound, anasubiri ndege ambayo saa hiyohiyo ni inbound. Maneno yanapingana, mambo hayapingani.

Kwa Kiswahili dirishani: "ya kwenda", "ya kurudi", na "ndege inayokuja". Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo. Lakini angalia, mwanangu, "ya kurudi" usiipeleke kwenye ripoti yako. Mtalii anayeingia nchini harudi, anakuja.

Kalamu ya Kijani:

Mama Tiketi, shikamoo, na asante sana. Huo mfano wa mtoto wa London nimeunakili wote na kumpelekea mwenzangu. Naanza kuona kwamba swali la kwanza kabla ya kutafsiri ni: kuingia wapi?

Abiria wa Boston alijibu:

Hasa. Mimi nasoma Boston, na treni za mjini hapa zinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko kamusi. Inbound ni kuelekea katikati ya jiji, na katikati yenyewe ni stesheni nne zinakokutana njia: Park Street, Downtown Crossing, State na Government Center. Ukipanda Red Line kutoka Alewife, uko inbound. Treni ikipita hapo katikati na kuendelea kuelekea Braintree, imekuwa outbound. Haijageuka, haijabadilisha dereva, wewe hujainuka kwenye kiti. Jina la safari limebadilika chini yako.

Wageni wengi hupotea hapo kwa sababu wanadhani inbound ni upande fulani, kama kaskazini. London wameepuka shida hiyo kwenye treni zao za chini ya ardhi: wanaandika kaskazini, kusini, mashariki, magharibi.

Mimi huwaeleza wenzangu kwamba neno hili lina tabia ya kitenzi chetu "kuja". Nikikuandikia "anakuja kesho" bila wewe kujua niko wapi, hujajua anaelekea wapi.

Mwanaanga alijibu:

Naongeza moja kutoka darasa la urubani, kwa sababu huku kosa la uelekeo lina gharama kubwa. Kuna vituo vya redio vya ardhini vinavyoitwa VOR. Kila kituo kinahesabiwa kuwa kinatoa mistari 360 kuelekea nje, mmoja kwa kila digrii. Mstari wa 090 unaelekea mashariki. Mwalimu akisema ruka inbound kwenye mstari wa 090, usielekeze ndege kwenye 090, utakuwa unakikimbia kituo. Unaruka 270, kuelekea magharibi, maana kituo kiko mbele yako na mstari ule ulichorwa ukitoka kwake.

Kwetu kitovu hakina utata: ni kituo, au uwanja unaokwenda kutua. Ndiyo maana neno linatufaa.

Mzizi wa Neno alijibu:

Nataka nimjibu moja kwa moja yule mfasiri, kwa heshima, kwa kuwa hoja yake ya "bound" ni mpaka haikutoka hewani. Kiingereza kina maneno manne yanayoandikwa "bound" na yana asili tofauti. Kuna la kufungwa, kutoka kitenzi "bind". Kuna la kuruka, lililotoka Kifaransa. Kuna la mpaka, nalo lilipitia Kifaransa cha zamani. Na kuna la nne, lenye maana ya "aliye tayari kwenda, anayeelekea", ambalo lilitoka kwa watu wa Skandinavia: "búinn" ya Kinorse cha kale, umbo la kitenzi "búa", yaani kuandaa, na pia kukaa mahali. Waingereza wa zamani walilitamka "boun", herufi "d" ikabandikwa mwishoni baadaye. Mzizi huohuo umejificha ndani ya "husband", ambaye kwa asili ni mkaaji mwenye nyumba.

"Inbound" ya safari imejengwa kwa hili la nne. Ni anayeelekea ndani. Jamaa wake ni "homeward bound", anayeelekea nyumbani, na "northbound", anayeelekea kaskazini. Jaribu kuweka "mpaka" kwenye hilo la mwisho uone kama litasimama.

Ila kuna mahali pamoja ambapo mfasiri wenu yuko sahihi kabisa: mpira wa kikapu. Mchezaji anayesimama nje ya mstari kuurudisha mpira uwanjani, akiwa na sekunde 5 tu za kuuachia, Wamarekani husema anafanya "inbound". Hiyo imetokana na "in bounds", ndani ya mipaka ya uwanja. Kwa macho neno ni lilelile, kwa asili ni lingine. Pengine ndiko alikolisikia kwanza.

Na kabla sijasahau, usilichanganye na "incoming". Hilo ni pana zaidi. Rais mteule anaitwa "incoming", haitwi "inbound", kwa sababu anaingia madarakani, hasafiri kwenda mahali. "Inbound" inataka njia na mwendo. Na "inward" nayo ina matumizi yake, ikiwemo ya mambo ya moyoni, ambayo "inbound" haina kabisa.

Mhesabu Wageni alijibu:

Nimefanya kazi ya takwimu za utalii, na nimechelewa kuuona mjadala huu. Kalamu, shika sana ulichokishika, kwa sababu tatizo lako ni kubwa kuliko ulivyolieleza.

Ripoti kama hiyo kwa kawaida hufuata mapendekezo ya kimataifa ya takwimu za utalii ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008. Humo kuna aina tatu za msingi. "Domestic" ni wakazi wa nchi wanaotembea ndani ya nchi hiyo. "Inbound" ni wasio wakazi wanaotembelea nchi hiyo. "Outbound" ni wakazi wanaotembelea nje. Kisha aina hizo zinaunganishwa mbilimbili: domestic na inbound zikijumlishwa ni "internal", domestic na outbound ni "national", inbound na outbound ni "international".

Umeona mtego ulipo? "Internal" nayo inatamani kuitwa utalii wa ndani. Kwa hiyo ukiacha jina hilo lielee, yatakuwa mambo matatu chini ya jina moja, na moja kati yao ni jumla ya mengine mawili! Nimewahi kuona jedwali la namna hiyo kwenye rasimu, na hakuna aliyeweza kulisoma bila kurudi kwenye Kiingereza. Hiyo inaniuma, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anastahili jedwali linalosomeka lenyewe.

Jambo la pili ni ukazi. Kinachoamua ni mahali mtu anapoishi, pasipoti yake haiangaliwi. Raia aliyehamia nje, akija kusalimia wazazi kwa wiki tatu, anahesabiwa kwenye inbound. Mgeni wa uraia anayeishi na kufanya kazi nchini, akienda mbugani wikendi, ni domestic. Kwa hiyo usiandike "utalii wa wageni" wala "watalii wa kigeni". Utakuwa umewatoa waliomo na kuwaingiza wasiomo.

Na si kila anayevuka mpaka anahesabiwa. Ziara iwe chini ya mwaka mmoja, na mtu awe nje ya mazingira yake ya kawaida. Anayekuja kuajiriwa na mwajiri wa nchini hahesabiwi. Mkimbizi hahesabiwi, mwanadiplomasia wa kituoni hahesabiwi, wala abiria anayebadilisha ndege bila kuingia nchini kisheria. Huyo wa mwisho kwa Mama Tiketi ana inbound na outbound zake zote mbili, lakini kwangu mimi hayupo.

Mfasiri Mwenza alijibu:

Salaam. Mimi ndiye ninayesemwa hapa, nimesoma yote. Hoja ya mtunza ghala imenitosha, na ya Mzizi imenifunga mdomo kuhusu mpaka. Lakini bado nina swali la kazi. Kalamu anataka "utalii wa kuingia nchini". Sikio langu linaikataa. "Kuingia" ni tendo la mara moja, la mlangoni, la kugongewa muhuri. Ripoti inazungumzia pia usiku waliolala na fedha walizotumia baada ya kuingia. Kisha "utalii wa nje" kwa outbound: mtu atajuaje kama ni watalii waliotoka nje au waliokwenda nje?

Mhesabu Wageni:

Maswali mazuri, na la pili ndilo kali zaidi. "Utalii wa nje" peke yake usiandikwe kamwe. Kila mara kiwepo kitenzi: "kwenda nje" au "kutoka nje". Kiswahili kinakaa vizuri kwenye vitenzi, tukitumie.

Kuhusu "kuingia", nakubaliana nawe. Mimi ningeandika "utalii wa kutoka nje". Unabeba uelekeo, na haukomei mlangoni: aliyetoka nje anabaki kuwa aliyetoka nje hata akiwa kitandani hotelini usiku wa tano. Chini ya jedwali weka maelezo: "wasafiri wasio wakazi wa nchi, bila kujali uraia". "Domestic" iache iitwe utalii wa ndani kama watu walivyoizoea. "Internal" iite "utalii wote uliofanyika nchini". Ni refu, lakini ile ni jumla, na neno "wote" linamwambia msomaji kwamba ni jumla. "National" ningesema "utalii wa wakazi, ndani na nje".

Mama Tiketi:

"Utalii wa kutoka nje" hata mimi nauelewa bila kuelezwa. Pitisheni hiyo.

Kalamu ya Kijani:

Tumepitisha. Tumekaa leo sisi wawili na rasimu, tumebadilisha vichwa vya safu kama Mhesabu Wageni alivyopendekeza, na maelezo ya ukazi tumeyaweka chini ya jedwali la kwanza na kuyarudia kwenye sura ya matumizi ya fedha, maana wengi wataifungua ripoti hapo hapo katikati. Mwenzangu ndiye aliyegundua kwamba sura ya usafiri wa anga ina "inbound flights" kwa maana ya uwanja na "inbound" kwa maana ya tiketi katika aya mbili zinazofuatana. Ya kwanza tumeandika "ndege zinazowasili", ya pili "safari za kurudi".

Limebaki moja. Kuna safu ya "inbound calls" kwenye kiambatisho cha kituo cha kuwahudumia watalii. Tumeandika "simu zilizopigwa na watalii". Kuna anayeona tatizo?

Mshika Funguo:

Hapo angalia kama wanaopiga ni watalii tu. Hata mawakala na hoteli hupiga. Andika "simu zilizopokelewa".